Mpe na Huyo wa Kijani

Mtu wa Geita akiingia hotelini akakuta mti umesimama kando ya kaunta, hausifii. Anausogelea, anatupa jicho kushoto na kulia, kisha analiminya jani kwa ukucha wa dole gumba. Likitoka maji anaguna kwa kuridhika: "Orijino." Lisipotoka, anamgeukia mhudumu kwa jicho la mtu aliyenusurika kutapeliwa, na kuanzia hapo hata bei ya chumba anaitilia shaka.

Siwalaumu. Huku kila king'aacho kina pacha wake wa bandia. Dhahabu inapimwa kwa asidi, inawekwa kwenye mizani, inazamishwa majini ipimwe upya, na Machi 2019 likafunguliwa soko la madini Geita ili muuzaji na mnunuzi wakutane mahali pamoja mbele ya macho ya serikali. Jani halina soko wala afisa wake. Linapimwa kwa ukucha. Ukucha mmoja si neno. Lakini mti ukishakaa mapokezi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ya mwisho wa mwezi, majani yote ya usawa wa kiuno hadi kifuani yanajaa makovu ya mwezi mchanga, na ya juu yanabaki mazima. Kwa makovu hayo naweza kukadiria urefu wa wateja wa hoteli yoyote ya Geita bila kuwaona.

Kazi yangu ni kuotesha miche Shinyanga mjini na kuipeleka kwenye hoteli, gesti na ofisi za kuanzia Kahama hadi Katoro. Wateja wananiita Mama Maua, ingawa maua yenyewe siyauzi sana. Ndani ya nyumba ua halidumu, kinachodumu ni jani, tena jani vumilivu. Watu hudhani mimea ya ndani hufa kwa kiu. Mingi hufa kwa giza na kwa huruma. Jua la saa sita mchana hutoa mwanga wa kama lux 100,000; ofisi yenye taa nzuri ina 500. Mti unaotolewa bustanini kwangu ukasimamishwa kwenye korido ya gesti ni mfanyakazi aliyeshushwa mshahara kutoka laki moja hadi mia tano, kisha akaambiwa atabasamu mbele ya wageni.

Na kwa nini wenye hoteli wa nchi kame kama yetu wanataka majani ndani? Nina jibu langu: jani bichi ni tangazo la maji. Shinyanga tuliishi miaka mingi tukilitegemea bwawa la Ning'hwa, na mwenye maua kibarazani alikuwa mtu wa kuulizwa maji anayapata wapi. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yakafika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele kule Misungwi, na tangu hapo kila mwenye sebule anataka kuonyesha kwamba na kwake yamefika. Hawalisemi hilo. Wanasema mimea "inasafisha hewa".

Hili la kusafisha hewa lina historia yake. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Bill Wolverton, akishirikiana na NASA, alifungia mimea kwenye visanduku visivyopitisha hewa akaona inapunguza sumu kadhaa zilizokuwamo. Habari ikakimbia dunia nzima ikaviacha visanduku nyuma. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel wakapiga hesabu upya: ili mimea ishindane na hewa inayopita yenyewe madirishani na milangoni, unahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Mwenye gesti mmoja wa Kahama nilimpigia hesabu hiyo kwenye chumba chake cha mita 12 za mraba. Kwa uchache kabisa, vyungu 120. Akafikiri kwa muda, akauliza, "Na mgeni analala wapi?" Nikamwambia afungue dirisha. Alikataa, kwa sababu upande ule kuna makarasha, na vumbi la mawe yanayosagwa lingempaka mgeni wake unga kabla ya kupambazuka. Tukaelewana vyungu viwili na pazia zito.

Pamoja na hayo, faida ipo. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolala mbele ya dirisha lenye miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache, kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mimi nasema mtu anayelala Geita akisubiri majibu ya kipimo cha mawe yake naye ni mgonjwa. Anahitaji kitu cha kutazama zaidi ya simu.

Basi kuna mwenye loji mmoja wa Katoro, sitamtaja, aliyenionyesha picha kwenye simu. Jengo la Makumbusho ya Quai Branly, Paris, ukuta mzima umevaa majani kutoka chini hadi juu. Kazi ya Mfaransa Patrick Blanc. "Nataka huu nyuma ya kaunta." Nikamweleza: ukuta wa Blanc hauna udongo. Mizizi inashika kitambaa kizito kama blanketi, na maji yenye virutubisho yanasukumwa na pampu hadi juu, yanachuruzika mchana na usiku. Pampu ikisimama, mmea hauna akiba hata ya kijiko. "Pampu ninayo," akasema. "Umeme nao?" "Jenereta ninalo." Swali lililosahaulika kuulizwa, na ambalo hakuna fundi wa Paris ambaye angelijua, lilikuwa hili: siku ya Simba na Yanga, soketi ya pampu itakuwa ya nani?

Ukuta tukaujenga. Siku ya dabi soketi ilikuwa ya spika. Kijana wa kaunta alichomoa waya mmoja akachomeka mwingine, na hakuurudisha ule wa kwanza kwa sababu mechi iliishia kwenye mabishano, na mabishano yanahitaji muziki. Jumatatu mimea ya juu ilikuwa imekunjamana, ya kati imeinama, ya chini tu ndiyo iliyokuwa ikinywa matone ya mwisho. Mwenye mali hakunifokea. Aliita fundi rangi. Leo ukuta ule umepakwa kijani kizito, na wateja wanapiga picha mbele yake kama kawaida. Sijui niumie au nifurahi.

Vyungu vina shida zake pia, na nyingi ni za ukarimu. Msukuma akipata hali haringi peke yake. Siku moja bosi wa duara la kuchimba dhahabu aliingia baa ya hoteli fulani mzigo ukiwa umemtokea vizuri, akatangaza kwamba kila aliyemo humu ndani anywe kwa hesabu yake. Mhudumu akazunguka meza zote, akarudi na mahesabu. Bosi akakagua ukumbi, akaona pembeni kuna mteja mmoja mrefu, mtulivu, hana chupa. Ulikuwa mti wangu. "Mpe na huyo wa kijani." Mhudumu akacheka. Bosi hakucheka. Bia ikafunguliwa, ikamiminwa chunguni taratibu, wakapiga makofi. Ukawa ndio utaratibu: kila aliyepata, mti nao ukapata. Baada ya wiki chache udongo ulikuwa unachacha, vijidudu vya pombe vinazunguka juu yake, na mzizi haukuwa na hewa tena. Kwenye ankara ile hoteli iliandika bia za mti kwa jina la "Mgeni, kona ya kulia". Nilipoomba niongezwe hela ya udongo mpya, meneja aliniambia kwa heshima kwamba yule mti ni mteja mzuri.

Kuna na dada wa usafi aliyetaka majani yang'ae. Akayapaka mafuta ya kupikia. Yakang'aa kweli, mpaka saa nne asubuhi, vumbi la barabara lilipoingia likakuta pa kunatia. Jani linapumua kwa vitundu vidogo mno, na vile vitundu sasa vilikuwa na chapati. Kitambaa chenye maji kinatosha, nawaambia kila hoteli, na kila hoteli inaitikia, kisha chupa ya mafuta inabaki pale pale chini ya kaunta.

Nisisahau mti wa Ulaya. Bwana mmoja alinunua Dar es Salaam, kwa bei ya mbuzi wawili, mmea wa majani manene yanayong'aa bila mafuta ya mtu, jina lake Zamioculcas. Aliupakata njia nzima. "Huu umetoka Uholanzi, mama." Ni kweli kwamba vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, vikautawanya kwenye maofisi ya dunia. Lakini kwao ni huku kwetu: unaota porini Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania hadi Unguja, ukishuka mpaka Afrika Kusini. Chini ya udongo una kiazi kinachotunza maji, ndiyo maana unastahimili giza na kusahauliwa. Vivyo hivyo kile kiua kidogo cha zambarau cha milima ya Usambara, ambacho ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao karibu na 1892, na sasa kinakaa madirishani kwa mabibi wa Ulaya na Marekani. Yule bwana alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nimeulipia nauli ya kwenda na kurudi?"

Hayo yote ni madogo mbele ya kisa cha udongo.

Udongo wangu wa vyungu nauchanganya mwenyewe: samadi iliyooza vizuri, udongo mweusi wa mbugani kidogo, na mchanga wa korongo ili maji yapite. Mchanga wa korongo lile una ulanga, vile vigamba vyembamba vinavyometameta. Shinyanga hakuna anayeviangalia mara mbili. Geita ni habari nyingine. Wajerumani waliripoti dhahabu huko mwaka 1898, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na katikati ya hiyo miaka na baada yake watu wa kawaida hawajaacha kuchimba. Mtoto wa Nyarugusu au Rwamgasa anajifunza kuangalia udongo kabla ya kujifunza kusoma. Mimi nikapeleka vyungu kumi na kitu vyenye udongo unaometa, nikavipanga kwenye ukumbi wenye taa za kumulika kutoka juu. Taa niliziomba mimi, kwa ajili ya majani.

Meneja alinipigia alfajiri. "Mama Maua, mti wako umevuliwa nguo."

Niliukuta umelazwa kwenye taulo la hoteli, mizizi nje, lakini kwa adabu: aliyeung'oa alikuwa ameunyunyizia maji na kuufunika kivuli. Nyuma ya jiko kulikuwa na karai, ndoo mbili, na kile kizulia cha mlango wa bafu kimetandazwa juu ya ubao ulioinamishwa. Mwalo kamili wa kuoshea dhahabu. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa pale na taa ya kichwani bado inawaka ingawa jua lilishatoka. Mtu mzima, mpole, mpangaji wa chumba cha ghorofani. Hakukimbia wala kujitetea.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, bhabha."

Akanionyesha kizulia. "Udongo wako ni mzuri, lakini hauna kitu. Unang'aa bure." Aliongea kwa masikitiko ya kweli, kana kwamba ni mimi niliyepata hasara ya uwekezaji. Akaniuliza nimeuchota urefu gani. Nikamwambia juu juu tu, korongoni. Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo unapokosea. Shuka chini ukute mwamba, halafu nipigie." Akaniandikia namba kwenye kipande cha boksi la sabuni. Hakuwa amefanya uharibifu wowote zaidi ya huo. Kusema kweli, mchanga aliouosha ulikuwa safi kuliko nilioupeleka, nikautumia tena, na mti ukapona.

Ila maneno hayaoshwi. Ndani ya wiki hiyo vijana wa pikipiki walifika bustanini kwangu Shinyanga, wakanunua mche mmoja wa mshubiri kwa ajili ya heshima, kisha wakauliza mchanga huwa nautoa wapi. Mwenye shamba linalopakana na korongo, aliyekuwa akiniruhusu kuchota bure miaka yote, akaweka miiba na bei. Nimejaribu kumweleza ulanga ni nini. Anatabasamu kama mtu anayejua kinachofichwa.

Wapo pia wanaotaka nitumie udongo wa bure. "Mama, marudio yamejaa pale, milima na milima, chota." Hapo huwa sitanii. Mabaki ya uchenjuaji yana zebaki, mengine yamepitia sianidi, na chungu cha mapokezini ndicho mtoto wa mgeni anachochezea wakati baba yake anajaza fomu. Mmea wenyewe ungeniumbua: haumalizi mwezi.

Suluhisho la matatizo yangu, kama linaweza kuitwa hivyo, alinipa bibi mmoja, mama mzazi wa mwenye hoteli, aliyekuja kumtembelea mwanawe kutoka kijijini Shinyanga Vijijini. Alisimama mapokezini akiwa na mkoba wake, akatazama mitende midogo, mani planti inayotambaa juu ya kaunta, na mikonge mwitu iliyosimama mlangoni.

"Kichaka mmekileta," akasema. "Mbung'o mmemwacha wapi?"

Kizazi chake kina haki ya kuuliza. Miaka ya 1920 na 1930, Charles Swynnerton alipokuwa akiongoza utafiti wa mbung'o kutokea Shinyanga, watu waliitwa kwa maelfu kufyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli. Walifyeka. Miti ikaondoka, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapandwa, na baada ya miongo michache watu wakawa wanaitaja Shinyanga na jangwa katika sentensi moja. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuirudisha miti, na jambo la busara walilofanya lilikuwa kuwauliza Wasukuma wenyewe. Wasukuma wakajibu: ngitili. Unalifunga eneo la malisho mvua zinapoanza, nyasi na miti vipumzike, unalifungua kiangazi kinapokaza. Ngitili zilizojulikana mwaka ule zilikuwa kama hekta 600. HASHI inafungwa 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mkoa uliofyeka vichaka kwa amri ukavirudisha kwa kuviacha.

Bibi alilishika jani moja, akaona makovu ya kucha. Hakulifinya. "Huu umelishwa kupita kiasi," akasema, akimaanisha macho na mikono ya watu. "Funga. Upeleke ukapumzike, ulete mwingine."

Sasa kila hoteli ninayoihudumia ina ngitili yake, uani, nyuma ya jiko: kivuli cha neti, ukuta wa kuzuia upepo, mbali na tanuri na mabomba ya sabuni. Vyungu viko seti mbili. Moja iko kazini, moja imefungiwa, inaota majani mapya ambayo hakuna aliyeyaminya. Wenye hoteli walinung'unika. Mmoja aliniuliza kwa nini alipie mti ambao haupo kazini; nikamuuliza yeye Jumapili huwa yuko wapi. Akalipa.

Tangu kisa cha mwalo, walinzi nao wanataka kumbukumbu. Chungu kinachopita mlango wa nyuma kinaandikwa kwenye daftari la getini: jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali ya udongo. Mlinzi wa hoteli moja ni mstaafu wa kazi za nidhamu, anaandika kwa mwandiko wa kulala. "Mtende mkubwa, likizo. Mkonge mwitu, zamu ya mlangoni. Mani planti, zamu ya usiku, kaunta. Mti wa Uholanzi, mapumziko ya wiki mbili, amelewa."

Juzi nilipokwenda kubadilisha zamu, mhudumu wa baa, yule yule wa zile bia, alikuwa ameshika daftari hilo analisoma ukurasa kwa ukurasa huku midomo ikihesabu. Hajapata likizo tangu aajiriwe. Akalifunga, akamfuata meneja mpaka mlangoni pa ofisi, na chungu kitupu mkononi.

"Bosi," akasema, "mimi nipande humu."